Saba ya Nangila

"Hatua ziko wapi?"

Madam Hellen aliuliza hivyo bila kupandisha sauti. Alikuwa ameegemea meza yake, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, na kikombe chake cha chai kimefunikwa na kisahani ili isipoe. Nyuma yake, kwa ubao mweupe, Kipkirui alikuwa ameandika nambari moja tu: 3.28.

Swali lilikuwa rahisi. Watoto watano wamezaliwa hospitalini. Wa kwanza ana kilo 3.40, wa pili 2.50, wa tatu 4.35, wa nne 2.55, wa tano 3.20. Tafuta wastani. Bila kalkuleta, maana katika somo la Madam Hellen kalkuleta na simu hubaki mlangoni ndani ya karai la bluu.

"Nimefanya kwa kichwa, madam," Kipkirui akasema.

"Na kichwa kimekosea. Jibu ni tatu nukta mbili sifuri."

Nyuma ya darasa mtu akacheka kidogo, halafu wawili, halafu karibu wote. Kipkirui alikuwa na miaka ishirini na tisa na wengine pale walikuwa na ishirini. Walizoea kumwita Mzee.

Madam Hellen akafungua faili, akatoa karatasi tatu, akaziweka juu ya meza moja baada ya nyingine.

"Hii ni CAT, jaribio la nyumbani ulilotuma wiki mbili zilizopita. Swali la nne ni hilo hilo. Humu umelipata, na hatua zote zimepangwa vizuri kama sufuria za bibi harusi. Ukapata ishirini na nane kwa thelathini. Leo kwa ubao unaniandikia hii. Nani alikufanyia?"

"Ni mimi."

"Kipkirui."

"Madam, haki ni mimi. Niliketi nyumbani siku mbili."

Na alikuwa anasema ukweli wake. Alisogea mezani kuonyesha kazi yake kwa kidole. Ndipo akaona ile saba.

Ilikuwa swali la pili, mstari wa tatu. Saba yenye kamstari katikati, kama mtu aliyefunga mshipi. Kipkirui hajawahi kuandika saba hivyo tangu nasari. Alimjua mtu mmoja tu aliyeandika hivyo, na mtu huyo alikuwa amemshonea kifungo cha shati lile alilokuwa amevaa.

Madam Hellen akamwangalia, akaona uso umebadilika, akamwambia kwa upole kidogo kwamba anampa mpaka Ijumaa saa nane. Asipokuja na maelezo, faili itaenda kwa kamati ya nidhamu, na kamati haina huruma na mtu anayefanya somo kwa mara ya tatu.

Kipkirui akachukua koti lake na kutoka. Karai la bluu alilipita bila kukumbuka simu yake. Alirudi kuichukua darasa likimtazama.

Sasa niwaeleze hawa watu wawili, ili msiwahukumu haraka.

Kipkirui ni wa Kapseret, kijana wa mama mjane mwenye ng'ombe wanne wa maziwa. Alikimbia miaka minane. Hakuwa bingwa, lakini alikuwa mtu wa kuongoza mbio za wengine, yule anayelipwa kushika mwendo mpaka nusu ya njia halafu anatoka. Mshipa wa kisigino ulipokatika, alirudi shule. Akaingia chuo kusomea usimamizi wa michezo, akafaulu masomo yote isipokuwa hilo moja la takwimu ambalo ni lazima. Alianguka mara ya kwanza. Akaanguka ya pili. Kanuni ya chuo ni kwamba ukianguka ya tatu unaenda nyumbani, miaka yako mitatu ikiwa imemwagika kama maziwa mlangoni.

Nangila ni msichana wa Kibukusu. Baba yake, Mzee Wabuge, alikuja Eldoret kufanya kazi ya useremala, na mpaka leo wanaishi mtaa wa West Indies katika nyumba yenye ua wa mchongoma. Nangila ni karani katika duka la dawa za mifugo mjini. Alikutana na Kipkirui hapo hapo kaunta, kijana akitafuta dawa ya kupe, naye akahesabu kipimo cha dawa kwa ng'ombe wanne kabla Nangila hajafungua kitabu. Saba yake yenye mshipi aliianza siku tajiri wake, Wanjohi, aliposoma moja yake kama saba wakaletewa magunia saba ya chumvi ya ng'ombe badala ya moja. Tangu hapo, hata nambari ya simu anaiandika hivyo.

Mzee Wabuge hakukataa kijana. Alisema tu kwamba kijana amalize alichoanza, kisha alete wazee wake, na barua ya posa itangulie. Nangila alikuwa amesubiri barua hiyo miaka miwili.

Siku ile Nangila alikuwa anapanga chupa za dawa ya minyoo wakati simu ililia kwa ujumbe.

"Nimeona saba yako kwa CAT yangu. Usinitafute."

Alisoma mara tatu. Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Brenda, mwenzake wa kaunta, akamwondolea chupa mkononi akaziweka chini.

"Ni nini? Amepata mwingine?"

"Afadhali angepata."

Akamweleza. Wiki mbili zilizopita Kipkirui alimletea karatasi zake za CAT apige skani hapo ofisini na kuzituma kwa tovuti ya chuo, maana skrini ya simu yake ilikuwa imepasuka. Saa ya chakula Nangila akazipitia. Maswali manane, sita yamekosewa. Hakuna hatua, ni majibu tu, kama mtu anayebahatisha. Alikumbuka vile Kipkirui alivyokaa siku nne bila kula alipoanguka mara ya pili. Akachukua karatasi safi, akafanya upya, akaiga mwandiko wake vizuri, akatuma. Zile za Kipkirui akazikunja ndani ya mkoba. Alama zilipotoka, Kipkirui alimpigia huku analia kwa furaha. Alikuwa amempigia mama yake kwanza.

"Na ukanyamaza," Brenda akasema.

"Ningesema nini? Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Januari."

"Wewe, Nangila, umemvika mtu nguo akiwa usingizini, halafu ameamka sokoni akaambiwa si zake." Brenda hakuwa mtu wa kubembeleza. "Enda umtafute. Nitakaa kaunta."

Hakwenda siku ile, aliogopa. Alikwenda Alhamisi, ikiwa imebaki siku moja tu.

Alishuka boda boda kwa lango la mama yake Kipkirui ndege ikipita chini ikienda kutua, ng'ombe hata hawakuinua vichwa. Mama alikuwa anaosha mitungi ya maziwa. Alimkaribisha, akampa kikombe cha mursik, maziwa yaliyoganda, kisha akasema kwamba Kipkirui alifika jana, akakaa pale kwa jiwe usiku mzima, na asubuhi akaenda Kaptagat kwa Kocha Kuria wa wakimbiaji kuomba kazi ya kushika saa.

"Ameniambia ameachana na shule," mama akasema. "Juu yako hajasema kitu. Sasa wewe niambie, mama. Ni shule tu ameachana nayo?"

Nangila akamwomba radhi bila kusema ni ya nini, akamaliza mursik kwa heshima, akaita boda boda nyingine.

Kaptagat kulikuwa na ukungu bado ingawa jua lilikuwa limepanda. Barabara ni ya udongo mwekundu, misonobari pande zote mbili, na baridi ile inayopanda kwa soli za viatu. Kipkirui alikuwa amesimama kando ya kibao cha kilomita, saa mbili za kupimia mbio zikining'inia shingoni, kofia ya sufu imeshuka hadi nyusi. Alimwona Nangila akishuka. Hakusogea.

"Nilisema usinitafute."

"Nimesoma."

"Basi?"

"Basi nimekuja unitukane nikiwa karibu."

Alitaka kusema kitu lakini wakimbiaji wakatokea kwa kona, kundi la wasichana sita, pumzi zao zikitoka kama moshi. Kipkirui akabonyeza saa, akapaza sauti: "Mbili hamsini na moja." Ilikuwa kilomita yao ya tano na ya mwisho. Mmoja wao, Jepchumba, akainama, mikono kwa magoti.

"Kip, nipe zote. Na avareji."

"Tatu sifuri nne, mbili hamsini na nane, mbili hamsini na sita, tatu sifuri moja, mbili hamsini na moja." Hakushika kalamu wala kufumba macho. "Avareji mbili hamsini na nane."

Ilikuwa haraka kiasi kwamba Nangila, ambaye siku zote anaishi na nambari, hakuamini. Na niseme ukweli wa moyo wake: alifikiri, maskini, hata huku anabahatisha. Mkono wake ukatoa simu wenyewe. Akaingiza kila moja kwa kalkuleta, tatu nukta sifuri nne, mbili nukta tano nane, mpaka mwisho, akagawanya kwa tano.

"Ni mbili nukta saba nne," akasema polepole. "Kipkirui, ni mbili sabini na nne."

Jepchumba aliinua kichwa, akamwangalia kutoka viatu mpaka nywele.

"Dada, sekunde sabini na nne utazitoa dunia gani?"

Wasichana wote wakacheka. Hata Kocha Kuria, mzee mkavu aliyekuwa amekaa kwa kiti cha plastiki na blanketi magotini, alitikisa mabega. Akainua saa yake mwenyewe: kilomita tano zote, dakika kumi na nne na sekunde hamsini. Gawanya kwa tano. Mbili hamsini na nane.

Nangila alihisi masikio yanawaka. Sekunde zikifika sitini dakika inajaa, mtoto wa darasa la tatu anajua hilo. Yeye amejaza kwa mia kwa sababu mkono wake umezoea mia.

Akabaki ameshika simu, akitazama ile 2.74. Halafu akafungua mkoba haraka, akatoa zile karatasi zilizokunjwa, zenye alama ya chai pembeni, akachuchumaa hapo kando ya barabara na kuzikunjua juu ya goti. Swali la nne. Watoto watano. Kipkirui alikuwa ameandika jumla 17.20, wastani 3.28. Akahesabu kwa vidole, kimya kimya. Tatu arobaini na mbili hamsini, ni sita na thelathini. Ongeza nne thelathini na tano, ni kumi na moja na tano. Ongeza mbili hamsini na tano, ni kumi na nne kamili. Ongeza tatu na ishirini.

Kumi na saba na ishirini. Gawanya kwa tano. Tatu na ishirini na nane.

Swali la tano, vivyo hivyo. La sita, vivyo hivyo.

"Kipkirui, kuja uone."

"Sitaki kuona hizo karatasi."

"Hukuwa unabahatisha." Nangila akamnyooshea karatasi. "Umepima watoto kwa saa. Kila mahali ni sitini. Ukifika sitini unabeba moja. Hizi hesabu zote ni sawa, ni vile si za hapo."

Kipkirui akazichukua. Akazisoma, midomo ikisogea. Miaka minane ameishi kwa dakika na sekunde, akilala akihesabu mizunguko, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuketi na makosa yake. Mwalimu wa kwanza aliweka mkasi mwekundu, alama ya kukosa. Wa pili pia. Na mpenzi wake alizikunja akaziweka kwa mkoba.

Nangila alingoja atabasamu. Hakutabasamu.

"Hizi ulikuwa nazo wiki mbili," akasema.

"Nilikuwa nazo."

"Kama ungenionyesha siku hiyo, ukaniambia tu, Kip, hapa umekosea, tungeketi tukaliona. Siku hiyo hiyo."

"Niliogopa. Niliogopa utaanguka, chuo kikufukuze. Na niliogopa kwa ajili yangu pia, sitakudanganya. Baba anasubiri barua. Nimechoka kuulizwa."

"Najua kwa nini ulifanya. Nimekaa kwa jiwe la mama usiku mzima nikijua." Alikunja karatasi kufuata mikunjo ile ile. "Kitu sijui ni kama naweza kuishi na mtu ambaye akiona nimekosea, ananifunika."

Hapo hata wale wasichana waliondoka polepole, wakajifanya wananyoosha misuli mbali.

"Kesho saa nane," Nangila akasema, "nitaenda kwa Madam Hellen nimwambie ni mimi."

"Hapana. Umenifanyia vya kutosha."

"Hili sikufanyii. Hili ni langu. Ukitaka kuja, kuja. Usipotaka, nitaenda na miguu yangu."

Alitoka Kaptagat peke yake. Njiani alilia, dereva wa boda boda akajifanya ni upepo.

Ijumaa saa nane kasoro dakika tano, Nangila alikuwa kwa benchi nje ya ofisi ya Madam Hellen, amevaa ile sketi ya kanisa. Saa nane kamili Kipkirui akatokea mwisho wa ukumbi. Hakumsalimia. Alikaa upande ule mwingine wa benchi, mkoba wa Nangila ukiwa katikati yao kama mtoto wa mtu.

Ndani, Nangila alisema yote, kuanzia saa ya chakula hadi saba. Hakujitetea. Aliweka karatasi za kweli juu ya meza, na Madam Hellen akazisoma na kalamu nyekundu mkononi, lakini kalamu haikugusa. Alipofika swali la nne alirudi mwanzo. Alipomaliza alivua miwani.

"Miaka kumi na moja nafundisha hili somo," akasema, "na makosa ya namna hii sijawahi kuyaona. Pengine yamepita mbele yangu nikayaweka mkasi." Akavaa miwani tena. "Lakini uongo ni uongo. CAT yote ni sifuri. Kwa kamati sitapeleka, kwa sababu mmekuja wenyewe. Kipkirui, mtihani una alama sabini, na kupita ni arobaini. Utazitafuta zote humo. Hakuna pa kuegemea."

"Nimesikia, madam."

"Na wewe, msichana. Usimsaidie."

"Sitamsaidia."

Nje, Nangila alisubiri neno. Kipkirui akasema asante kwa kuja, kama mtu anavyoshukuru aliyehudhuria matanga, akaenda zake.

Wiki tano zilipita. Sitawaambia zilikuwa fupi. Nangila alienda kazini, akarudi, akaosha vyombo. Mzee Wabuge alimuuliza mara moja, "Mama, ile barua?" akajibiwa "Bado, baba," na kwa sababu ni mtu mwenye macho, hakurudia. Mara mbili Nangila aliandika ujumbe mrefu na mara mbili akaufuta. Siku ya mtihani alituma maneno matatu tu:

"Leo ni mia."

Jibu lilikuja saa sita mchana.

"Niliandika MIA juu ya kila ukurasa. Msimamizi akaniuliza kama ni jina la msichana."

Alisoma hilo akiwa nyuma ya magunia ya dairy meal, chakula cha ng'ombe, na Brenda alimkuta huko amekaa chini, anacheka na kulia pamoja.

Hata hivyo Kipkirui hakuja. Wiki nyingine tatu hakuja. Nangila akaanza kuzoea, kama unavyozoea jino lililong'olewa, ulimi ukipita pale pale kila saa.

Alikuja Jumanne ya mwanzo wa Desemba, mvua ikiwa imekatika, gumboots zake zimejaa udongo wa Kapseret. Alingoja mkulima mmoja alipie sindano za ndama, kisha akaweka karatasi ya matokeo juu ya kaunta.

Arobaini na nne.

"Kwa sabini?" Nangila akauliza.

"Kwa sabini. Nimepita kwa nne. Si nyingi."

"Ni zako."

"Ni zangu." Alivua kofia. "Nilikuwa na hasira na wewe mpaka juzi. Nikikaa kukamua, hasira. Nikienda kulala, hasira. Halafu nilipoona hizi, nikatafuta mtu wa kumwambia kwanza, nikajikuta nimevaa gumboots."

Nangila alifuta kaunta mahali ambapo palikuwa pasafi.

Kipkirui akatoa kwa mfuko wa koti karatasi ya mistari, iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko wake wa kulala upande. Ilikuwa barua ya kwenda kwa Mzee Wabuge. Alitaka Nangila aisome kabla mjomba wake hajatia sahihi. Ilianza kwa salamu, ikataja ukoo, ikasema kwamba wazee watano kutoka Kapseret wanaomba kufika nyumbani kwa Mzee Wabuge, West Indies, Jumamosi tarehe 26 Desemba, saa nne asubuhi, kwa neno la heri.

Nangila alisoma hadi chini, akarudi juu. Kwa ukuta nyuma yake kulikuwa na kalenda ya kampuni ya chanjo, yenye picha ya ng'ombe mwenye kiwele kikubwa. Hakuhitaji kugeuka, tarehe za mwezi huo alikuwa nazo kichwani. Mkono wake ulishika kalamu. Nangila yule wa zamani angengoja mtu aende, kisha angerekebisha polepole, asijue mtu.

Akaweka kalamu chini.

"Umekosea," akasema. "Jumamosi si ishirini na sita. Ishirini na sita ni Ijumaa."

Kipkirui aliangalia kalenda, akaangalia barua. Kama alikosea kwa kweli au alikuwa anamjaribu, mimi sijui, na Nangila hajawahi kumuuliza.

"Basi rekebisha," akasema, akimsogezea karatasi.

"Andika wewe."

Akachukua kalamu kutoka kaunta. Akakata ile sita, akaandika saba juu yake, kubwa, ya kusomeka. Kisha, bila kuinua macho, akaifunga mshipi katikati.